Moyo wa mtoto mchanga na ubongo wake: Kwa nini Sotik haifai kusubiri

KATIKA wadi za kujifungulia za Sotik, Kaunti ya Bomet, kama ilivyo kwingineko nchini, mtoto anapotua mikononi mwa mkunga swali la kwanza huwa moja tu: Amelia? Akilia, mama hushusha pumzi, muuguzi hutabasamu na jamaa walio nyumbani hupigiwa simu. Swali hilo ni jema na limeokoa maisha mengi. Ila halitoshi. Wapo watoto wanaolia kwa sauti ya kupasua paa, wakanyonya siku ya kwanza, wakafunikwa blanketi na kupelekwa nyumbani kupitia mashamba ya majani chai, ilhali mioyo yao ina kasoro na ubongo umo hatarini kupungukiwa na kile unachokihitaji kuliko kiungo kingine chochote mwilini.

Takwimu za serikali zenyewe zinatoa sababu ya kulitazama jambo hili upya. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta kiwango kimepanda hadi asilimia 82. Hiyo ni hatua kubwa, na haiwezi kutenganishwa na uamuzi wa mwaka 2013 wa kufuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, kisha mpango wa Linda Mama uliofuata. Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto kabla ya kutimiza siku 28 vilishuka kutoka 22 hadi 21 pekee kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai.

Kwa maneno mengine, akina mama waliitikia wito wakafika hospitalini. Kilichochelewa ni huduma ambayo mtoto hukutana nayo baada ya kukatwa kitovu. Isitoshe, hesabu hiyo ya 21 ni ya waliokufa. Haiwahesabu waliopona huku ubongo umejeruhiwa, ambao wataonekana baada ya miaka kadhaa wakiwa wamechelewa kutembea, wakipatwa na kifafa, au wakirudia darasa lile lile mwaka baada ya mwaka bila mtu kujua chanzo.

Ili kuelewa uhusiano wa moyo na ubongo, ni vyema kuanza na mabadiliko yanayotokea saa za kwanza za uhai. Tumboni, mtoto hapumui kwa mapafu. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu, na damu yake hupita kando ya mapafu kwa njia mbili za mkato: tundu lililo kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mrija mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na ule mshipa mkuu unaoelekea mwilini. Anapozaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, shinikizo hubadilika, na njia hizo huanza kufungwa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, mrija huo kwa kawaida hujifunga katika siku moja hadi tatu.

Hapa ndipo penye mtego. Kuna kasoro za moyo ambazo mtoto huishi nazo bila dalili yoyote maadamu mrija ungali wazi, kwa sababu ndio unaopitisha damu badala ya mshipa uliozibika au chumba cha moyo kisichokua. Mrija ukifunga siku ya pili au ya tatu, mtoto hubadilika ghafla. Anaacha kunyonya, anahema haraka, miguu inakuwa baridi, ngozi inakuwa ya kijivu. Mara nyingi wakati huo mama amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Duniani, watoto wapatao wanane hadi kumi kati ya kila 1,000 huzaliwa na kasoro ya moyo ya namna moja au nyingine, na takriban robo yao huwa na kasoro nzito inayohitaji kurekebishwa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Ubongo unaingiaje? Ubongo wa mtu mzima, ambao ni kama asilimia mbili tu ya uzani wa mwili, hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya oksijeni yote. Wa mtoto mchanga ni kama sehemu moja kwa kumi ya uzani wake, kwa hivyo fungu lake ni kubwa zaidi. Nao hauna ghala. Sukari na oksijeni huletwa na damu kila sekunde na kutumika papo hapo. Moyo ukilegea, viungo vingine kama ngozi na matumbo vinaweza kuvumilia kwa muda. Ubongo hauna subira hiyo.

Kosa moja ambalo limekuwa likifanywa hata katika nchi tajiri ni kudhani kwamba shinikizo la damu likiwa zuri basi damu inafika. Sivyo. Chukua bomba la maji shambani na ulibane mdomo kwa kidole: ndani shinikizo linapanda, lakini ndoo haijai. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuwa na mishipa iliyojibana kiasi kwamba kipimo cha shinikizo kinaridhisha ilhali damu inayopita ni kidogo. Mwaka 2006, watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto waliozaliwa mapema mno, wakaonyesha kwamba pale moyo uliposukuma damu kidogo katika saa za mwanzo, umeme wa ubongo nao ulidhoofika. Moyo unapopata nguvu baada ya kuyumba, hatari haijaisha. Damu hurudi kwa kishindo katika mishipa myororo ya ubongo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watoto wa aina hii kuvuja damu ndani ya kichwa, jambo ambalo mara nyingi hutokea katika siku tatu za kwanza.

Neno umeme hapa si la mafumbo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa mikondo midogo ya umeme, na tangu Mjerumani Hans Berger alipofaulu kuirekodi kwa binadamu mwaka 1924, madaktari wameweza kuisoma kupitia vifaa vinavyobandikwa kichwani. Katika mtoto aliyetimiza miezi, mikondo hiyo huendelea bila kukatika na hubadilika anapolala na anapoamka. Katika aliyezaliwa mapema huja kwa vipindi: mfumko, kisha kimya, kisha mfumko tena. Daktari mzoefu anaweza kutambua umri wa mimba kwa kutazama tu mistari hiyo. Damu inapopungua, mistari hushuka, vipindi vya kimya hurefuka, na ile zamu ya kulala na kuamka hupotea. Hali ikizidi, mstari hulala kabisa.

Lililo zito zaidi ni degedege la kimya. Wengi wetu tunapofikiria degedege tunaona mtoto anayerusha mikono na kukaza macho. Kumbe ubongo wa mtoto mchanga unaweza kuwa katika dhoruba ya umeme huku mwili umetulia tuli, au kukiwa na dalili hafifu kama kulamba midomo na kusita kupumua. Ushahidi mmojawapo ulitoka Boston, Marekani, ambako watoto 171 waliozaliwa na mishipa mikuu ya moyo iliyobadilishana nafasi walifanyiwa upasuaji kati ya mwaka 1988 na 1992 na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Baadhi walipasuliwa huku mzunguko wa damu umesimamishwa kabisa na mwili umepozwa. Wengine, damu iliendelea kupita kidogo kidogo kwa msaada wa mashine. Waliosimamishiwa damu ndio waliopatwa zaidi na degedege, na mtambo wa kusoma ubongo ulinasa matukio mengi ambayo macho ya wauguzi hayakuyaona. Waliopatwa na degedege hilo walionekana baadaye kuwa nyuma ya wenzao katika ukuaji.

Tangu hapo hospitali nyingi kubwa duniani zilibadili namna zinavyowapasua watoto wachanga. Baadaye picha za ubongo zilionyesha jambo jingine la kushtua: watoto wenye baadhi ya kasoro nzito za moyo huzaliwa na ubongo ambao haujakomaa, kana kwamba wamezaliwa mwezi mmoja mapema, ingawa wametimiza miezi yote tisa. Madhara, basi, huanza tumboni. Daktari wa upasuaji humkuta mtoto akiwa tayari na deni.

Turudi nyumbani. Hapa Kenya, tatizo la damu na oksijeni linalowakumba watoto wengi zaidi si kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Ni kukosa hewa wakati wa uchungu wa uzazi. Uchungu unapochukua muda mrefu, au kitovu kikabanwa, oksijeni hushuka, misuli ya moyo wenyewe huumia, moyo uliochoka husukuma damu kidogo, na ubongo ambao tayari umekosa hewa huongezewa adhabu. Mduara huo ndio unaojaza vitanda vya watoto wachanga katika hospitali za kaunti. Watafiti wa Kilifi waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 waliripoti kwamba takriban asilimia tisa ya watoto wachanga waliolazwa katika hospitali ya wilaya hiyo walikuwa na degedege, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Nao walihesabu degedege lililoonekana kwa macho. La kimya halikuhesabiwa.

Katika nchi tajiri, mtoto aliyekosa hewa hupozwa mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72 ili kuupumzisha ubongo. Kishawishi cha kuiga ni kikubwa, na nimewahi kusikia ikipendekezwa katika vikao vya afya kwamba miinuko yetu yenye baridi inafaa kwa tiba hiyo. Tahadhari inahitajika. Jaribio kubwa lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, lililohusisha watoto 408 na kuchapishwa mwaka 2021, lilikuta kwamba kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu kwa pamoja, na vifo vyenyewe viliongezeka. Mtoto anayehitaji joto la kifua cha mama yake huko Ndanai hafai kupozwa kwa sababu tu jambo hilo lilifaa London.

Kipi basi kinaweza kufanyika Sotik leo, bila kungoja mtambo wa mamilioni? Jibu la kwanza ni kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye kiganja na mguu, chenye taa nyekundu, ambacho wengi walikifahamu wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020: kipima oksijeni. Marekani ilikiweka katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011. Mtoto hupimwa anapotimiza saa 24, mkono wa kulia kisha mguu mmoja. Mkono wa kulia hupata damu kabla haijafika kwenye ule mrija, na mguu baada yake, kwa hivyo tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni habari yenyewe. Kipimo kikiwa chini ya 90 ni hatari ya mara moja. Kikiwa 95 au zaidi, na tofauti isizidi tatu, mtoto amepita. Katikati ya hapo hurudiwa. Kwa njia hiyo, takriban robo tatu ya kasoro nzito hunaswa kabla mtoto hajaondoka wadini.

Hata hivyo, viwango hivyo viliwekwa na watu wa nyanda za chini. Sotik iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Kericho mwinuko unaongezeka. Hewa ni nyepesi, na oksijeni katika damu ya mtoto mzima hushuka kidogo. Majaribio katika jimbo la Colorado, Marekani, yalionyesha kwamba watoto wazima wengi zaidi hushindwa kipimo hicho miinukoni. Ukiichukua kanuni ya ng'ambo kama ilivyo, utawatuma akina mama wengi safari za bure.

Kwa upande mwingine, vifaa hivyo vimeonekana mara nyingine kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi, jambo lililothibitishwa kwa wagonjwa wazima Marekani mwaka 2020. Mwinuko unakivuta kipimo chini, rangi ya ngozi inakisukuma juu. Muuguzi wa Sotik yuko kati ya makosa mawili yanayokinzana, na hakuna kitabu cha Marekani kitakachomwambia asimame wapi. Wanaoweza kumwambia ni watafiti wetu, kwa kuwapima watoto wazima wa Bomet, Kericho na Nandi na kuandika viwango vyao. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji wauguzi, daftari na mwaka mmoja.

Kwa sasa, muuguzi asitegemee rangi ya ngozi ya nje pekee. Ubuluu kwa mtoto mweusi hutafutwa kwenye ulimi na fizi, wala si kwenye vidole, ambavyo huweza kuwa vya buluu kwa baridi tu.

Suala la pili ni njia ya rufaa. Mama wa Sotik anaweza kujifungulia katika zahanati, Ndanai au Hospitali ya Misheni ya Kaplong. Kutoka hapo kuna Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti, na Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet. Tenwek ni jambo la kujivunia. Hospitali ya mashambani ambayo ilijijengea mtambo wa kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya mto Nyangores, leo inapasua mioyo na kuwafunza madaktari Waafrika upasuaji huo, na katika miaka ya karibuni imejengewa kituo mahususi kwa kazi hiyo. Wakazi wa eneo hili wako karibu na huduma ya moyo kuliko Wakenya wengi.

Lakini ukaribu huo usitupumbaze. Sehemu kubwa ya wagonjwa waliojenga sifa ya Tenwek ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto wa siku mbili ni kazi nyingine. Moyo wake unatoshana na jozi, dawa ya kuuweka mrija wazi ni ghali na hutiririshwa mshipani bila kukatizwa, na anahitaji muuguzi wake peke yake usiku kucha. Wengi wa kasoro ngumu zaidi bado huelekezwa Eldoret au Nairobi, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Mtoto anayepelekwa bila oksijeni, bila joto na bila sukari kupimwa njiani, anaweza kufika akiwa na moyo unaorekebishika na ubongo usiorekebishika. Hilo ndilo ambalo wapangaji wa magari ya wagonjwa hawajalipa uzito. Gari la wagonjwa lisilo na mtungi wa oksijeni uliojaa ni matatu yenye king'ora.

Kuna pia pesa. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF. Mchumaji chai analipwa kwa kilo. Mkulima mdogo husubiri bonasi inayolipwa mara moja kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, ila wengi wanaochuma majani katika mashamba ya majirani hawana barua ya ajira. Mama kama huyo akiambiwa alale wadini siku moja zaidi ili mtoto apimwe saa 24 zikitimia, anapiga hesabu ya kilo atakazopoteza na watoto aliowaacha nyumbani. Anayemlaumu kwa kuondoka mapema hajakaa naye. Ikiwa ni lazima aondoke, basi kipimo kifanywe kabla ya kutoka hata kama saa hazijatimia, na mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani siku ya tatu. Serikali ilizindua jeshi la wahudumu hao wapatao 100,000 Septemba 2023. Kuwafunza kutambua mtoto anayetokwa na jasho anaponyonya, anayechoka baada ya kunyonya kidogo na kuhema kama aliyekimbia, ni kazi ya alasiri moja.

Baadhi ya hatua hazigharimu chochote. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, ili damu iliyo kwenye kondo imfikie mtoto na moyo wake uanze kazi ukiwa na cha kusukuma. Uchanganuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuchelewa huko hupunguza vifo vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa kwa pamoja Kenya mwaka 2016, nayo huwakinga wasichana wa leo dhidi ya maradhi ambayo, yakimpata mjamzito miezi ya mwanzo, huacha mrija wa moyo wa mtoto wazi na kuharibu macho na masikio.

Na si kila mrija ulio wazi unahitaji kutibiwa. Kwa miaka mingi madaktari waliharakisha kuufunga kwa dawa katika watoto waliozaliwa mapema, wakihofia kwamba unauibia ubongo damu. Majaribio yaliyochapishwa Ulaya mwaka 2022 na 2024 hayakupata faida katika haraka hiyo. Kwa hospitali zisizo na mtaalamu wa moyo, hiyo ni afueni: mara nyingi kuangalia kwa makini kunatosha.

Limebaki suala la baada ya kupona. Chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilishauri tangu mwaka 2012 kwamba kila mtoto aliyepasuliwa moyo akiwa mchanga apimwe mara kwa mara lugha, mikono, umakini na kumbukumbu. Kwetu, kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto hujazwa uzani na chanjo, kisha hufungiwa sandukuni mtoto anapofikisha umri wa shule. Mwalimu wa darasa la kwanza huko Sotik anayempokea mtoto mwenye kovu refu kifuani haambiwi kwamba kovu hilo linahusu pia namna mtoto huyo atakavyojifunza kusoma. Atamwita mzembe. Mstari mmoja katika kijitabu hicho, wa kumwelekeza mzazi kwa mtaalamu wa ukuaji akiwa na miezi tisa, kumi na minane, na kabla ya kuingia shule, ungeweza kuongezwa katika chapa ijayo.